Salamu ya Sokoni

Nyumba ile haikuwa na kibao cha kueleza kazi yake ya kweli. Juu ya mlango palipigiliwa ubao mdogo ulioandikwa "Ushonaji wa Kina Mama", na kweli chumba cha mbele kilikuwa na vyerehani vinne, viwili vizima na viwili vya kutazamwa. Mpita njia angewaona wanawake wameinamia vitambaa, angesikia mashine zikinguruma, kisha angeshika njia yake. Asingejua kwamba nyuma ya pazia la chumba cha pili kulikuwa na viti viwili vinavyotazamana, na kwamba wale waliokuwa wakipiga pindo huku mbele walikuwa wakingoja zamu ya kuingia huko, kusema yale waliyofanyiwa na wanaume wenye bunduki kabla hawajavuka mpaka.

Aliyeufungua mlango wa nyumba hiyo kila asubuhi walimwita Mama Birika, kwa sababu birika lake halikupoa tangu saa moja asubuhi hadi jioni. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na moja, amesoma hadi darasa la saba, mtu wa sala na wa maneno machache. Kwenye karatasi kazi yake iliandikwa "mhudumu". Kwa vitendo alifagia, alichemsha chai, alibembeleza watoto wa watu, na kila Jumatano aliwasindikiza wanawake hospitali akakaa nao kwenye benchi mpaka waitwe.

Siku yake ya kwanza kazini, Mshauri alimkalisha chini akampa masharti. Mshauri huyo alikuwa binti mwembamba ambaye angeweza kuwa mwanawe, aliyesomea namna ya kuwasikiliza watu walioumizwa. Usimuulize mtu habari zake. Usimguse mpaka umemwomba. Na ukikutana naye nje ya nyumba hii, usimsalimie. Ngoja akusalimie yeye. Asipokusalimia, mpite.

"Nimpite? Mtu ninayemjua?" Mama Birika aliuliza.

"Mpite, Mama. Huwezi kujua yuko na nani, na huyo aliye naye anajua nini."

"Mwanangu, mimi nimelelewa. Hata mwehu wa barabarani namwamkia."

"Mwamkie huyo. Wa kwetu waache."

"Basi nitatembea nimeinamia chini kama niliyeangusha sindano."

Kwa miaka mitatu alitembea hivyo. Watu wa mtaa wakasema yule mama siku hizi anajisikia. Yeye alivumilia, na jioni akipiga magoti alianza kwa kuomba radhi kwa wote aliowapita siku ile kama miti.

Ndani ya nyumba wanawake hawakuandikwa kwa majina yao. Kila mmoja siku ya kwanza alijichagulia jina, lolote, na hilo ndilo lililoingia daftarini. Palikuwa na Sabuni, palikuwa na Jumamosi. Palikuwa na mmoja aliyejiita Waziri, akasema amedharauliwa vya kutosha, angalau huku aheshimiwe. Na palikuwa na msichana wa miaka ishirini na minne aliyezungusha macho chumba kizima, akaenda kukaa mahali penye upepo, mbali na wenzake, akasema, "Niandikeni Dirisha."

Hakupapenda pale dirishani kwa ajili ya kutazama nje. Alipapenda kwa sababu upepo uliondoa harufu.

Habari zake Mama Birika hakuziuliza. Zilimfikia vipande vipande, kwenye benchi la hospitali. Dirisha alikimbia vita pamoja na mama mkwe wake na binti yake mdogo. Mume alikuwa ameshakamatwa mwezi mmoja nyuma, akabebeshwa mizigo ya askari. Njiani kulikuwa na kizuizi. Wazee na watoto waliachiwa wapite, wanawake vijana wakaingizwa ghalani. Mama mkwe alivuka na mjukuu mgongoni, akangoja upande wa pili. Siku ya nne Dirisha alitokea, akasema alipotea njia, na hakuna aliyemwongezea swali. Tangu hapo mkojo ulimtoka wenyewe, mchana na usiku, kama bomba bovu. Alivaa vitambaa juu ya vitambaa, juu yake nailoni, na alikunywa maji kidogo sana hata midomo ikapasuka.

Nesi wa hospitali alimweleza bila kuzunguka. "Hujalaaniwa wala hujalogwa. Ukuta kati ya kibofu na njia ya uzazi umetoboka. Wanauita fistula. Unashonwa."

"Unashonwa kama kitambaa?"

"Kama kitambaa, lakini fundi wake ni mmoja tu, na huja mara mbili kwa mwaka."

Fundi huyo, daktari wa upasuaji, alitarajiwa Jumanne. Hospitali kuu ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari, na safari hii nyumba ile ilipewa nafasi nane. Jina la Dirisha lilikuwa la sita. Angelala huko majuma mawili. Mume wake, ambaye miezi mitano iliyopita aliyaona majina yao kwenye orodha iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya wakimbizi, akaja akawakuta, angeambiwa ni mafunzo ya kushona. Huo haukuwa uongo wa Mama Birika, na hakuupenda, ila aliuacha upite. Akikosa Jumanne hii, angengoja nusu mwaka, na nusu mwaka kwa mtu wa kuhamahama ni sawa na kuambiwa asahau.

Alhamisi, siku tano kabla ya safari, Mama Birika alikuwa sokoni akichagua vitunguu. Alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyomponza. Asubuhi ile ile Mshauri alikuwa amepigiwa simu kuwa daktari ameshafika nchini, na Mama Birika alikuwa akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kila kitunguu alichokiweka kapuni. Akainua macho. Hatua tatu mbele yake, kwenye meza ya muuza nyanya, amesimama Dirisha.

Maneno yalitoka kabla hajayaona.

"Hujambo, mwanangu? Unaendeleaje?"

Dirisha aliganda. Alizikazia macho nyanya kana kwamba amepewa kazi ya kuzihesabu. Aliyegeuka ni mama mmoja mzee, mfupi, mkavu, aliyekuwa ameshika mkono wa mtoto wa kike.

"Anaendelea na nini?" yule mzee akauliza. "Wewe ni nani?"

Mama Birika aliinamia kapu lake. Muuza nyanya akamwokoa, kama kuokoa ndiko huko.

"Humjui, mama? Huyu ndiye Mama Birika. Si ndiye anayewapeleka wale hospitali kila Jumatano?" Akashusha sauti kiasi cha kusikika na meza zote za jirani. "Wale walioharibiwa vitani."

Mzee alizirudisha nyanya mezani, moja moja, nyanya nne. Alimtazama Mama Birika kuanzia kilemba hadi kandambili, akapanda tena hadi kilemba.

"Twende," alimwambia mkwewe.

Wakaenda. Mtoto peke yake ndiye aliyegeuka nyuma.

Ijumaa kiti cha dirishani kilikaa kitupu. Mama Birika alifagia chini yake mara mbili. Saa nne aliingia nyuma ya pazia, akakaa kwenye kiti cha wenye shida, akamweleza Mshauri alichokifanya bila kujipunguzia hata neno.

Mshauri hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akachelewa kuivaa.

"Niende kwake," Mama Birika alisema. "Nikamwangukie yule mzee. Niseme nimemfananisha na mtu mwingine."

"Utasema hivyo? Wewe?"

Wote wawili walijua hawezi.

"Na ukienda," Mshauri akasema, "utakuwa umemsalimia mara ya pili, safari hii mbele ya mume. Tungoje, Mama. Nafasi yake naishikilia hadi Jumanne saa moja asubuhi. Ikipita hapo nampa wa tisa."

Wa tisa alikuwa Waziri. Alishaambiwa afunge mzigo wake, kwa lolote. Siku hiyo hakufanya mzaha wowote, na alipopewa chai hakumtazama Mama Birika usoni. Ni vibaya kutamani mwenzako akwame, na ni vibaya zaidi ukijua kila mtu chumbani anajua unatamani.

Siku mbili zilizofuata Mama Birika alisali hata magoti yakamuuma, na kila alipofika mahali pa kuomba alikwama. Aombe nini? Neno likishatoka halirudi hata kwa maombi. Aliishia kusema tu, "Bwana, unaona."

Jumatatu mchana yule mzee alikuja mwenyewe. Alisimama kizingitini akaangalia vyerehani.

"Hapa ndipo mnaposhona?"

"Ndipo, mama. Karibu ukae."

"Sijaja kukaa," alisema, akakaa. Aliokota kazi iliyokuwa mezani, akainyoosha mbele ya macho. "Pindo gani hili? Limekwenda kama njia ya mlevi."

"La kwangu hilo," Waziri akajibu. "Bado najifunza, mama."

"Unajifunza kuharibu."

Wanawake wakacheka, kicheko cha kwanza tangu Ijumaa. Mzee hakucheka. Aliwazungushia macho mmoja mmoja.

"Hawa wote ni wagonjwa?"

Vyerehani vikanyamaza. Mama Birika akasimama.

"Hawa wote ni washonaji. Ukitaka kuzungumza na mimi, twende uani."

Uani kulikuwa na jiko, ndoo za maji, na kamba ya nguo iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Mama Birika alimimina chai vikombe viwili. Mzee alikishika chake kwa viganja vyote, hakunywa.

"Mkwe wangu anaumwa nini?"

"Siwezi kukuambia, dada yangu."

"Huwezi au hujui?"

"Siwezi."

"Nimeulizia habari zako. Wanasema wewe ni mtu wa Mungu, husemi uongo."

"Uongo sisemi. Kunyamaza nanyamaza."

"Basi nyamaza vizuri, nikueleze mimi." Mzee aliweka kikombe chini. "Nilimpokea mpakani siku ya nne. Amevaa gauni ambalo si lake. Nilimfunga kitenge changu tukaingia kwenye foleni. Sikuuliza. Ningeuliza nini, na macho ninayo? Tangu siku hiyo tunalala chumba kimoja. Yeye hufua gizani anadhani nimelala. Mimi nimezaa sita, nimeuguza mume na mama yangu. Nitashindwaje kujua harufu ya mkojo?"

Mama Birika alisogeza birika pembeni ya moto.

"Mwanangu alipotupata, usiku wa pili akaniuliza, mama, chumba hiki kinanuka nini? Nikamwambia ni mimi. Uzee, mwanangu, kibofu kimelegea. Akaona haya, akanyamaza. Miezi mitano mizima nimelala kona ya mlangoni najifanya mzee wa kujikojolea. Kijana wa watu anabeba matofali kutwa, ananiletea dawa za figo. Ninazo chupa tatu. Figo zangu nzima kama za ng'ombe."

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, kisha ikatulia.

"Na mkweo alijua kuwa unajitwika la kwake?"

"Ajue vipi? Alidhani nimezeeka kweli. Akawa ananifulia na mimi. Tumefunikana hivyo, kila mmoja akidhani ni yeye anayemfunika mwenzake. Ukaja wewe na salamu yako."

Upepo ulitikisa nguo kambani. Mama Birika aliyakumbatia magoti yake kwa mikono kama mtu anayesikia baridi.

"Mume wa yule muuza nyanya yuko tanuri moja la matofali na mwanangu. Jioni ile ile alirudi ameshaambiwa. Akakaa. Akauliza, ni mama au ni mke wangu? Mtoto yupo hapo, anasikia. Nikasema ni mimi. Mkwe wangu akasema, si yeye, ni mimi. Akasema kila kitu, hakulia hata kidogo."

"Alimpiga?"

"Angempiga ningejua la kufanya. Mwiko ninao. Hakusema neno. Alitoa mkeka wake akautandika nje, umeziba mlango, na huko ndiko anakolala. Jana ndipo aliposema. Kwamba mkewe akipanda gari la watu hawa, mji mzima utajua mke wa fulani ni nani. Akipanda, asirudi. Na mtoto anabaki."

Alimsogelea Mama Birika hata magoti yakakaribia kugusana.

"Sasa nakuuliza wewe unayekwenda nao na kurudi nao. Kidonda hicho kinapona? Sitaki labda. Ndiyo au hapana."

Mama Birika alikuwa amekwenda na kurudi nao mara tatu. Aliwajua wote ishirini na wanne. Kumi na saba walirudi wakavu. Wanne walirudiwa kupasuliwa mara ya pili. Watatu bado wanavaa vitambaa, na mmoja wa hao watatu alikuwa ameacha kusema na watu. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wake, jepesi, tamu. Angelitoa, huyu mzee angesimama akaenda kumtoa msichana kwa nguvu zote. Na kama Dirisha angekuwa wa wale watatu, angebaki bila afya, bila nyumba na bila mtoto, kwa neno la pili la Mama Birika ndani ya juma moja.

"Wengi wanapona," alisema. "Si wote. Katika kila wanane niliowapeleka, watano au sita hurudi wakavu. Wengine hurudiwa. Wengine hawaponi. Mkweo atakuwa wapi kati ya hao, sijui."

Mzee alirudi nyuma kidogo.

"Ningependa uniongopee."

"Najua."

"Alhamisi ulimi wako ulikuwa mwepesi. Leo umekuwa wa jiwe."

"Nisamehe, dada yangu."

"Sikuja kwa ajili ya hilo." Akanyanyuka kwa kushika ukuta. Chai aliiacha vile vile, imeshashika ngozi juu. Alipofika mlangoni alimgeukia Waziri. "Fumua pindo hilo lote. Anza upya."

Jumanne gari lilikuja saa kumi na mbili na nusu. Saba walipanda, kila mmoja na fuko lake, wakakaa kimya wakitazama mbele. Waziri alisimama kando ya mlango wa gari, mzigo wake umefungwa vizuri na uso wake umefungwa zaidi. Dereva alikuwa mtu mkubwa mwenye subira, lakini saa moja kasoro dakika tano alianza kugonga usukani kwa vidole.

"Mshauri, njia ni mbaya huko mbele. Tukichelewa tutakuta foleni ya malori."

"Dakika tano," Mshauri alisema.

"Nipande?" Waziri akauliza.

"Dakika tano."

Waziri aliweka mguu mmoja ndani ya gari, ukabaki hapo.

Dirisha alitokea pembeni mwa ukuta, anatembea haraka lakini hakimbii, kwa maana hakuweza kukimbia. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, hakuna kingine. Aliwapita wote, akasimama mbele ya Mshauri.

"Mama mkwe amezidiwa na figo alfajiri," alisema, anahema. "Amepiga kelele hata jirani wakaamka. Mwanawe amembeba mgongoni kumpeleka zahanati. Amebeba na mtoto." Akameza mate. "Alipokuwa anatolewa nje aliniambia sikioni, mlango uko wazi, mtoto nitamshika mimi, nenda."

Waziri alitoa mguu wake garini. Alimpisha Dirisha, akamshika kiwiko apande, na mlango ulipofungwa alibaki barabarani na mzigo wake. Angengoja nusu mwaka mwingine. Mama Birika, aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma kama msindikizaji, alimwona anavyopungua kiooni hadi akawa doa, na alijua hili nalo litamfuata kwenye sala za jioni.

Hospitali kuu ilikuwa na wodi ndefu yenye vitanda kumi na viwili, sakafu ya saruji, madirisha ya juu. Dirisha alipasuliwa Alhamisi. Alikaa chumba cha upasuaji zaidi ya saa mbili, akarudishwa na mpira wa mkojo umeunganishwa na mfuko uliotundikwa kando ya kitanda. Siku kumi na nne mpira usitoke, alisema nesi. Anywe maji mengi, asiinuke kwa pupa.

Mama Birika alikuwa mlinzi wa wote wanane. Alimwaga mifuko, alileta uji, aliwaosha miguu. Dirisha alipokea kila kitu na kusema asante. Siku ya sita ndipo aliposema zaidi ya hapo, wakati Mama Birika anamtengenezea mto.

"Ungenyamaza tu siku ile, Mama."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Ningekuja huku, nikapona, nikarudi, asingejua maisha yake yote."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniambie ilikuwa mipango ya Mungu."

"Sikuambii. Ilikuwa mdomo wangu."

Dirisha alifumba macho. Mama Birika alimaliza kuweka mto, akaenda kitanda cha pili.

Mshauri alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alisema yule mzee ameruhusiwa kutoka zahanati, daktari amemwambia figo zake ni za kijana. Mara ya pili alisema mume amebadili kufuli ya mlango. Mtoto yumo ndani na bibi yake, na akienda kazini anawafungia humo. Alisema pia amepata kitanda kwenye chumba wanachokaa Sabuni na Jumamosi, Dirisha anaweza kufikia huko kwa muda wowote atakao. Mama Birika alimfikishia yote, la kufuli pia, kwa maneno yale yale. Dirisha aliomba maji ya kunywa.

Siku ya kumi na nne nesi alichomoa mpira asubuhi, akamwambia atembee, anywe, akae. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili. Mchana Dirisha alisimama katikati ya wodi, akapapasa nguo yake nyuma, akapapasa tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni asikione. Nesi aliangalia shuka. Kavu. Wanawake vitandani wakaanza kupiga makofi taratibu, ndivyo ilivyokuwa desturi ya wodi ile kwa kila aliyekauka. Kitanda cha tatu hakikupiga. Aliyelala hapo alikuwa ameamka amelowa, akageukia ukuta.

Walirudi Jumanne iliyofuata. Dereva aliuliza awashushe wapi. Mama Birika alitaja mtaa wa kina Sabuni.

"Hapana," Dirisha alisema. "Kwangu."

"Mwanangu, kufuli imebadilishwa."

"Sina haja na kufuli. Nitakaa mlangoni."

"Atakufukuza."

"Kwa lipi? Sinuki." Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saa. "Mwaka mzima sijathubutu kukaa mlangoni pa mtu. Leo naweza kukaa popote. Nitakaa pale mpaka aniambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba nimekosa nini. Nisindikize hadi kona, Mama. Usifike."

Mama Birika alimsindikiza hadi kona, penye magunia ya mkaa. Kutoka hapo aliona vyumba sita vya kupanga vilivyofuatana, na cha nne kilikuwa na kufuli mpya inayong'aa. Dirisha alitembea hadi pale akaketi kizingitini, mfuko wake wa nailoni miguuni. Jirani mmoja aliyekuwa akianua nguo alisimama kumtazama, akaendelea kuanua.

Dirisha alisema kitu kuelekea mlangoni. Kutoka ndani ikaja sauti ya yule mzee, kisha vidole vya mtoto vikatokea chini ya mlango, kwenye ule upenyo. Vidole vinne. Dirisha aliinama, akaviwekea mkono wake juu.

Wakakaa hivyo, mmoja nje, wawili ndani, hadi jua likashuka. Mwenye mkaa alimuuliza Mama Birika kama ananunua au anachunga. Alinunua.

Mume alirudi saa kumi na mbili, vumbi jekundu la matofali limemjaa hadi kwenye nyusi. Alimwona mkewe toka mbali. Mwendo wake ukapungua, lakini hakusimama. Alipofika, Dirisha aliinua uso, akasema maneno mawili matatu ambayo hayakufika kwenye kona. Mwanamume alitoa ufunguo, akafungua, akampita karibu sana hata suruali yake ikamgusa bega, akaingia.

Mtoto akatoka mbio. Nyuma yake akatoka mzee na kigoda, akakiweka kizingitini kando ya mkwewe, akakaa, amegeuza mgongo wake kwa ndani.

Mlango ulibaki wazi. Mama Birika alingoja auone ukifungwa, au mtu aitwe. Hakikutokea hata kimoja. Ndani taa iliwashwa, na mwanamume akaonekana ameketi kwenye mkeka, anavua viatu, anawatazama migongo.

Giza lilipoanza kuingia, Mama Birika alijitwika mkaa wake. Kesho yake ilikuwa Jumatano, na Waziri alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya benchi la hospitali.